Namba ya Kosa si Hukumu: Somo la Kuchunguza Masega ya Pikapu ya Chama

Utangulizi

Msimu wa kahawa hauna subira. Kahawa ya maganda ikishakauka, mkulima huitaka ipimwe, iandikwe na ifike ghalani kabla mvua haijarudi. Kwa chama cha msingi cha Kamuli, au cha kata nyingine yoyote ya Kyerwa na Karagwe, pikapu ndiyo inayounganisha vituo vya kununulia, ghala la chama na ofisi ya Chama Kikuu. Aghalabu pikapu hiyo hununuliwa ikiwa imekwisha kutumika kwingine, nayo huwa imetembea kilomita laki mbili au zaidi kabla ya kupanda kilima chake cha kwanza wilayani Kyerwa.

Katika gari la namna hiyo, siku moja taa ndogo ya manjano yenye picha ya injini huwaka mbele ya dereva na kukataa kuzimika. Fundi huja na mashine ya kupimia, huichomeka chini ya usukani, kisha husema maneno mawili: "Masega yamekufa." Hapo katibu hutakiwa kusaini malipo makubwa ya masega mapya, au hushauriwa kwamba yaliyopo yang'olewe na kuuzwa. Jambo hilo huamuliwa kwa dakika chache, ilhali fedha ni za wanachama na kifaa ni mali ya wanachama.

Lengo la somo hili ni kumwezesha katibu, mjumbe wa bodi na mwanachama kuelewa namba ya kosa inasema nini, haisemi nini, na maswali gani yaulizwe kabla ya shilingi moja kutoka katika sanduku la chama. Somo halikusudii kumgeuza katibu awe fundi. Linakusudia kwamba asaini akiwa anajua anachokisaini.

1. Masega na kazi yake

Petroli inapoungua ndani ya injini hutoa moshi wenye sumu za aina tatu: kaboni monoksidi, ambayo huua mtu bila kutoa harufu, mabaki ya petroli isiyoungua, na oksidi za nitrojeni. Katika bomba la moshi, ambalo mafundi huliita ekzosi, kuna chombo cha chuma mfano wa mtungi uliolazwa. Ndani yake mna kauri yenye vitundu vidogo mamia kwa mamia, kama sega la nyuki. Ndiyo sababu mafundi wakakiita chombo hicho masega.

Kuta za vitundu hivyo zimepakwa utando mwembamba wa madini ya thamani, yaani platinamu, paladiamu na rodiamu. Madini hayo huzichochea sumu zigeuke kuwa kaboni dioksidi, mvuke wa maji na nitrojeni, nayo yenyewe hayaliwi na kazi hiyo. Masega huanza kufanya kazi barabara yakishapata joto la kadiri ya nyuzi 300 za Selsiasi. Kwa hiyo gari lililowashwa sasa hivi haliwezi kupimwa masega yake kwa haki.

Masega yalianza kuenea nchini Marekani katika magari ya modeli ya mwaka 1975. Hayakuweza kustahimili petroli yenye risasi, kwa maana risasi huufunika utando wa madini na kuuzima. Mwezi Juni 2001 nchi za Afrika Kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar kuacha petroli hiyo, na kufikia mwanzo wa mwaka 2006 karibu zote zilikuwa zimeiacha. Nchi ya mwisho duniani, Aljeria, iliacha mwezi Julai 2021. Basi risasi si adui tena. Maadui waliobaki ni wanne, nao ni hawa:

(a) Petroli isiyoungua. Silinda moja ikikosa mwako, petroli yake huingia mbichi katika masega na kuungulia humo. Joto hupanda kupita kiasi, na kauri huweza kuyeyuka.

(b) Oili. Injini iliyochoka hula oili, na fosforasi iliyomo katika oili hufunika utando wa madini kidogo kidogo.

(c) Maji ya rejeta yanayovuja hadi ndani ya silinda kwa sababu ya gasketi mbovu ya silinda hedi. Dawa iliyomo katika maji hayo nayo huchafua utando.

(d) Pigo. Jiwe la barabarani au kisiki huweza kuipasua kauri.

Maadui hawa wote hutoka nje ya masega. Masega hayafi bila kuuawa, na mwenye kununua mapya bila kumtafuta aliyeyaua yale ya zamani amemletea muuaji windo jingine.

2. Namba P0420 hupatikanaje?

Tundu la mashine lenye vijitundu 16 liliwekwa kwa sheria katika magari yote ya Marekani kuanzia modeli ya mwaka 1996, na katika magari mapya ya petroli ya Ulaya kuanzia mwaka 2001. Baadhi ya magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani peke yake huenda yasisomeke kwa mashine ya kawaida. Hilo lijulikane mapema ili fundi asilaumiwe bure.

Namba inayohusu masega katika injini ya petroli ni P0420. Maana yake ni kwamba ufanisi wa masega, upande wa kwanza wa injini, uko chini ya kiwango. Injini yenye silinda nne zilizojipanga mstari mmoja ina upande mmoja tu. Injini yenye silinda sita zilizogawanyika pande mbili huweza pia kutoa P0430, inayohusu upande wa pili.

Hata hivyo, kompyuta ya gari haina jicho ndani ya masega. Hutegemea vihisi viwili vya oksijeni, ambavyo mafundi huviita sensa. Kimoja kipo mbele ya masega na kingine nyuma yake. Jambo hili litaeleweka kwa mfano wa kahawa. Chama kikipima takataka katika kahawa kabla ya kupepetwa, kisha kikapima tena baada ya kupepetwa, vipimo viwili vitatofautiana sana ikiwa mpepetaji amefanya kazi. Vikilingana, katibu atasema mpepetaji hakufanya kazi. Lakini katibu mwenye busara atauliza pia: je, kipimo cha pili ni kizima? Je, takataka ziliingia tena baada ya kupepeta? Je, kahawa iliyoletwa ilikuwa chafu kupita uwezo wa mpepetaji yeyote?

Ndivyo ilivyo kwa masega. Kihisi cha mbele cha aina ya kawaida huonyesha umeme unaopanda na kushuka upesi, kati ya volti 0.1 na 0.9 hivi. Masega mazima huhifadhi oksijeni na kuitoa kwa kiasi, hivyo kihisi cha nyuma hutulia, aghalabu karibu na volti 0.6 au 0.7 gari likienda kwa mwendo usiobadilika. Cha nyuma kikianza kupanda na kushuka sawasawa na cha mbele, kompyuta huandika P0420. Ifahamike kwamba magari mengi ya karibuni yana kihisi cha mbele cha aina nyingine, ambacho hakipandi na kushuka kwa namna hiyo. Fundi aulizwe gari hili lina aina gani.

Kwa hiyo P0420 ni ushahidi wa vihisi viwili. Ni shahidi muhimu, lakini shahidi si hakimu.

3. Namba za jirani

Kosa la kawaida ni kusoma namba moja na kuziacha nyingine. Katibu adai orodha yote iandikwe, pamoja na makosa yanayosubiri kuthibitishwa. Zifuatazo ndizo zinazofuatana mara kwa mara na P0420:

P0300: silinda zinakosa mwako bila mpangilio. P0301, P0302, P0303 na P0304 hutaja silinda yenyewe, ya kwanza hadi ya nne.

P0171: hewa imezidi petroli. P0172: petroli imezidi hewa.

P0135: kipasha joto cha kihisi cha mbele kina kasoro. P0141: kipasha joto cha kihisi cha nyuma kina kasoro.

Kanuni ni moja: namba hizi zitatuliwe kwanza, na P0420 iwe ya mwisho. Taa ikiwa inawaka na kuzima mfululizo, dereva apunguze mwendo na kusimama mahali salama mapema iwezekanavyo. Hiyo ni dalili ya silinda kukosa mwako kwa kiasi cha kuunguza masega wakati huohuo. Taa iliyowaka na kutulia huruhusu safari kumalizwa kwa uangalifu, mradi gari halichemshi wala halikosi nguvu.

4. Utaratibu wa uchunguzi: kutoka kisicho na gharama hadi chenye gharama

Hatua ya kwanza: hakikisha injini ni ya petroli. Pikapu nyingi za dizeli za zamani hazina masega kabisa, na zile mpya zina vifaa vya aina nyingine vyenye namba zake. Ankara ya masega ya petroli kwa pikapu ya dizeli ya zamani imekwisha kuonyesha udanganyifu kabla ya fundi kulala chini ya gari.

Hatua ya pili: namba zote ziandikwe, pamoja na kumbukumbu ya hali ya injini ilivyokuwa kosa lilipotokea, yaani mwendo, joto na mzigo. Mashine nyingi huweza kuisoma kumbukumbu hiyo. Fundi akifuta namba kabla ya kuandika, amefuta ushahidi.

Hatua ya tatu: daftari la gari lisomwe. Oili iliongezwa lini, na kiasi gani? Kwa injini nyingi, zaidi ya lita 1 kwa kila kilomita 1,000 huhesabiwa kuwa ni kula oili kupita kiasi. Moshi wa buluu nyuma ya gari husema jambo hilohilo. Moshi mweupe mzito usiokwisha hata injini ikipata moto, pamoja na maji ya rejeta kupungua, huelekeza kwenye gasketi ya silinda hedi. Petroli ilinunuliwa wapi? Uchakachuaji kwa mafuta ya taa ulienea nchini hata EWURA ikaanzisha uwekaji wa vinasaba katika mafuta mwaka 2010. Petroli ya kituo chenye risiti ni salama kuliko ile ya dumu la kando ya barabara.

Hatua ya nne: uvujaji wa ekzosi. Kazi hii ifanywe injini ikiwa baridi, mahali penye hewa ya wazi. Injini iwashwe, na msaidizi azibe kwa muda mfupi mdomo wa bomba la nyuma kwa kitambaa kilicholoweshwa, huku fundi akisikiliza kila kiungo. Sauti ya kupwita, au masizi meusi kwenye kiungo, huonyesha palipopasuka. Tundu lililo mbele ya kihisi cha nyuma huvuta hewa ya nje na kukifanya kihisi kitoe habari zisizo za kweli. Katika gari lililotembea sana juu ya kokoto na makorongo, ufa wa namna hiyo si jambo la ajabu, na gasketi ya kiungo ni nafuu mno kuliko masega.

Hatua ya tano: plagi, koili na nozeli. Koili ya silinda inayoshukiwa yaweza kubadilishana mahali na ya silinda jirani bila gharama yoyote. Kosa likihama pamoja na koili, koili ndiyo mbovu. Likibaki palepale, tafuta katika plagi, nozeli au mbano wa silinda.

Hatua ya sita: vihisi. Injini ikishapata moto, ikishikiliwa karibu na mizunguko 2,500 kwa dakika, fundi amwonyeshe katibu mwenendo wa vihisi vyote viwili katika mashine yake. Kubadilisha kihisi cha nyuma kwa kubahatisha hakuponyi masega yaliyochoka.

Hatua ya saba: kuziba. Hapa watu wengi huchanganya mambo mawili. Masega yaliyochoka hayasafishi moshi, lakini huweza kuupitisha vizuri, na gari likabeba mzigo kama kawaida. Masega yaliyoziba hukaba injini: gari hukosa nguvu mlimani, hupata joto na kula petroli. P0420 yaweza kuwapo bila kuziba, na kuziba kwaweza kuwapo bila P0420. Kipimo chake ni geji ya mbinyo inayofungwa mahali pa kihisi cha mbele. Kwa kawaida mbinyo usizidi paundi 1.5 hivi kwa inchi ya mraba injini ikinguruma bila kukanyagwa, wala usizidi paundi 3 hivi kwenye mizunguko 2,500. Aidha, masega ya baridi yakigongwa kwa ngumi au nyundo ya mpira na kutoa mlio wa vipande vinavyocheza ndani, kauri imevunjika.

Tahadhari: masega ya gari lililotoka safarini huunguza vibaya. Gari lisiegeshwe juu ya nyasi kavu au maganda ya kahawa, lisiwashwe ndani ya ghala lililofungwa, na mtu asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake bila kuegemezwa juu ya vigogo au stendi imara.

5. Mfano wa kufundishia

Uchukuliwe mfano wa chama cha msingi chenye pikapu ya petroli, silinda nne, iliyotembea kilomita 286,400. Wiki ya kwanza ya Julai, ununuzi ukiwa umepamba moto, taa inawaka. Fundi wa kwanza anasoma P0420 na kutaka masega mapya. Wa pili anasema masega hayana kazi Afrika, yang'olewe, naye atayatafutia mnunuzi.

Katika kikao cha dharura cha bodi mhazini anasema, "Ndugu Mwenyekiti, ushauri wa pili unaingiza fedha badala ya kuzitoa. Kahawa imelala vituoni. Tuyauze, gari lirudi kazini kesho."

Katibu anajibu, "Ndugu Mwenyekiti, hoja ya Ndugu Mhazini kuhusu kahawa ni ya kweli. Lakini hadi sasa hakuna aliyetueleza kwa nini masega yamekufa. Naomba siku mbili, na orodha kamili ya makosa kwa maandishi."

Bodi inampa siku mbili, na kahawa ya vituo viwili vya karibu inasombwa kwa gari la kukodi. Namba zote zinasomwa upya: ipo P0420, na ipo P0301 ambayo hakuna aliyeitaja. Koili ya silinda ya kwanza inahamishiwa silinda ya pili, na kosa linageuka kuwa P0302. Koili imekamatwa. Chini ya gari, kiungo kilicho mbele ya masega kina masizi meusi, gasketi yake imeliwa. Koili na gasketi zinanunuliwa kwa risiti, namba zinafutwa, gari linarudi barabarani siku ya tatu.

Siku ya kumi na mbili taa inawaka tena. Safari hii ni P0420 peke yake. Kihisi cha nyuma kinapanda na kushuka pamoja na cha mbele. Geji ya mbinyo inaonyesha hakuna kuziba. Daftari linaonyesha lita 1 ya oili kwa kila kilomita 1,500.

Sasa hukumu yaweza kutolewa. Masega kweli yamechoka, kwa oili ya miaka mingi na kwa petroli mbichi iliyopitishwa na koili mbovu. Fundi wa kwanza hakukosea kuhusu masega. Alikosea kuhusu mpangilio wa kazi. Kama masega mapya yangefungwa wiki ya kwanza, koili ileile ingeanza kuyaunguza siku hiyohiyo, na chama kingelipa mara mbili. Kwa kuwa hayajaziba, pikapu inaendelea kusomba kahawa hadi mwisho wa msimu huku mbinyo na oili vikiangaliwa, na masega mapya yanaingizwa katika makisio ya mwaka unaofuata yatakayopelekwa mbele ya Mkutano Mkuu. Mhazini mwenyewe ndiye anayetoa hoja hiyo.

6. Masega ni mali ya chama

Madini yaliyomo katika masega yana soko, na wanunuzi wake wanajulikana. Kwa sababu hiyo masega ya chama huweza kupotea gereji bila mtu kujua: gari huingia na masega mazima, hutoka na bomba tupu. Mwanachama ayajue mambo matatu.

Kwanza, kung'oa masega hakuondoi kosa. Kompyuta itaendelea kuandika P0420, isipokuwa fundi amdanganye shahidi kwa kukisogeza kihisi cha nyuma mbali na moshi. Huko ni kumziba shahidi mdomo, wala si kutengeneza. Zaidi ya hayo, sumu zote tatu hutoka nje bila kupunguzwa, mbele ya wapima mizani na watoto wanaocheza karibu na ghala, na kiungo kibovu huweza kuzirudisha ndani ya kibanda cha dereva.

Pili, kila kifaa kilichofunguliwa kirudishwe chamani, hata kikiwa kibovu. Kiandikwe katika daftari la mali, kifungiwe ghalani, na kikiuzwa kiuzwe kwa uamuzi wa bodi ulioandikwa katika muhtasari, kwa ushindani, na fedha zipokewe kwa stakabadhi. Mkaguzi wa COASCO anapouliza masega yako wapi, jibu "fundi aliyachukua" si jibu.

Tatu, masega ya bei ya chini mno huwa na madini kidogo, na namba huweza kurudi baada ya muda mfupi. Katibu atake bei kutoka kwa wauzaji wasiopungua watatu, dhamana kwa maandishi, na maelezo kama kifaa ni kipya au kimetolewa katika gari jingine. Dawa za chupa zinazotiwa katika tangi kwa ahadi ya kufufua masega hazirudishi kauri iliyoyeyuka wala utando uliofunikwa.

7. Wakati wa kununua pikapu iliyotumika

Uchunguzi ulio nafuu kuliko wote ni ule unaofanywa kabla ya kununua. Ufunguo ufunguliwe bila kuwasha injini: taa ya injini lazima iwake, kisha izimike injini ikishawashwa. Isipowaka kabisa, pana mtu aliyeizima makusudi, au imeungua bila kutengenezwa. Kisha mashine ichomekwe. Kompyuta huweka orodha ya majaribio yake yenyewe, likiwamo la masega, na kueleza kama yamekamilika. Muuzaji akifuta makosa asubuhi, orodha hiyo jioni huonyesha kwamba jaribio la masega halijakamilika. Mnunuzi aombe gari liendeshwe hadi lipate moto na kutembea vya kutosha, au asubiri. Mwisho, mtu aingie chini ya gari kwa tochi na kuhakikisha kwamba masega yapo, na kwamba hayana alama mpya za kuchomelewa, kwa maana wapo wanaoyapasua, kutoa kauri na kurudishia ganda tupu.

Hitimisho

Ushirika umewafundisha wakulima wa kahawa kutokubali uzito uliotajwa kwa mdomo, bali kuusoma wenyewe kwenye mizani. Kanuni hiyo yafaa pia gereji. Namba ya kosa ipokewe kwa heshima, iandikwe, iulizwe maswali, kisha ndipo fedha zitoke. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mali bila daftari hupotea bila habari.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Kwa nini namba P0420 peke yake haitoshi kuamua kununua masega mapya?

2. Gari la chama limeongezewa oili lita 2 katika kilomita 1,600. Je, kiasi hicho kimezidi lita 1 kwa kilomita 1,000? Kikundi kipige hesabu na kueleza hatua ya kuchukua.

3. Katika mfano uliotolewa, kwa nini kosa lilihama kutoka P0301 kwenda P0302, na jambo hilo lilithibitisha nini?

4. Eleza tofauti kati ya masega yaliyochoka na masega yaliyoziba. Lipi kati ya hayo huweza kusubiri makisio ya mwaka unaofuata?

5. Kikundi kichunguze daftari la gari la chama chake. Je, oili, petroli, matengenezo na vifaa vilivyofunguliwa vimeandikwa vyote? Pale palipo na pengo, kikundi kipendekeze kwa bodi njia ya kulijaza.